Filamu za familia msimu wa sikukuu: zinastahili tiketi, au tungoje zifike nyumbani?

Mama Pacha (Dar es Salaam)

Wadau, habari za jioni. Naleta mada ambayo mimi na mume wangu tunaibishania tangu Desemba 2024, na mwaka huu wa 2025 imerudi tena sebuleni kwa sababu shule zimefungwa na pacha wangu wa miaka saba wameanza kunihesabia siku. Kila ukikaribia mwisho wa mwaka majumba ya sinema hubandika filamu mpya za familia, na ukizitazama vizuri unakuta upya wenyewe ni wa bango tu, kwa maana hadithi ni mwendelezo wa ile tuliyokwisha kuiona.

Mwaka jana tulianza na Moana 2. Hii haikukusudiwa kwa sinema tangu mwanzo; ilikuwa itolewe kama mfululizo wa kutazamwa nyumbani, hadi Februari 2024 kampuni ya Disney yenyewe ilipotangaza kwamba imeigeuza kuwa filamu, na mtu akiitazama anauona mshono. Kinakuja kisiwa, kinakuja kiumbe, kinakuja wimbo, kisha tunaanza upya na kisiwa kingine. Lin-Manuel Miranda, aliyezipa nyimbo za ile ya 2016 utamu wake, safari hii hakuwamo, nao wanangu ambao ile ya kwanza waliiimba mpaka jirani akazikariri hawakutoka na hata kiitikio kimoja. Pamoja na hayo ilivuna zaidi ya dola bilioni 1 duniani kote, nasi tulichangia kwa tiketi nne, soda nne na ndoo mbili za bisi.

Tarehe 20 Desemba ikaja Mufasa, hadithi ya ujana wa baba yake Simba wa Lion King, ambayo Barry Jenkins aliiongoza kwa mkono wa mtu anayejua sinema, maana mafuriko yale yanayomtenganisha mtoto na wazazi wake yalinifanya nimshike mwanangu bila kujijua. Lakini simba aliyetengenezwa afanane na simba wa kweli hana uso wa kulilia. Anasikitika, anafurahi, anaona wivu, na sura ni ileile. (Halafu, jambo dogo tu, mdogo wake anaitwa Taka. Jina lilipotajwa mara ya kwanza ukumbi mzima ulicheka mahali ambapo bila shaka mtunzi hakutarajia kicheko.)

Red One, ile ya Baba Krismasi kutekwa nyara, ilitoka katikati ya Novemba 2024 na kabla ya wiki nne kuisha ilikuwa tayari inatazamwa nyumbani kupitia Prime Video. Aliyekata tiketi alibaki kujitazama kwenye kioo. Sasa nauliza: filamu hizi zinastahili kufuatwa sinema, au mume wangu ana haki anaposema tungoje?

Mhasibu wa Kariakoo

Dada yangu, umechambua simba na visiwa kwa ustadi mkubwa, ukazipita ndoo mbili za bisi kana kwamba ziligawiwa bure. Mimi nikiletewa hesabu hiyo ningeanzia hapo.

Kuhusu mwendelezo, tuwe wakweli. Magazeti ya biashara yaliandika kwamba Red One ilimeza takriban dola milioni 250, na mapato yake ya sinema hayakufika milioni 200, ingawa ilikuwa na Dwayne Johnson na Chris Evans. Ile ilikuwa hadithi mpya. Moana 2, kiporo kilichopashwa moto, kikaleta bilioni. Ungekuwa wewe ndiye mwenye fedha ungepika nini mwaka unaofuata? Wazazi ndio wanaoagiza viporo, kisha wanalalamika kwamba hakuna chakula kipya. Na hili la Taka nadhani tunalikuza bure. Jina ni jina.

Mwalimu wa Zamu (Morogoro)

Nilitaka kupita kimya, lakini hilo la «jina ni jina» limenizuia mlangoni. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita, na sijapata kumwandikisha mtoto aitwaye Taka.

Tutazame orodha kwa utulivu. Katika Lion King ya mwaka 1994 shujaa alipewa jina la Simba, mganga wake akaitwa Rafiki. Walipofika kwa fisi wakamwita mmoja Shenzi, neno ambalo walowezi waliwatupia babu zetu mashambani kila walipotaka kuwakumbusha kwamba wao si watu kamili. Nguruwe mwitu akapewa Pumbaa, na kila mwenye Kiswahili anajua mtu aliyepumbaa ni wa namna gani. Mwaka 1998, katika sehemu ya pili ya hadithi hiyo, akazuka kijana aitwaye Kovu, yaani walichukua Scar, jina la simba mbaya wa filamu ya kwanza, wakaifungua kamusi. Leo tunaambiwa kwamba Scar, kabla hajapata kovu lake, alizaliwa Taka, mtoto wa mfalme Obasi na malkia Eshe. Mfalme gani, kwenye nchi gani inayosema lugha hii, humtazama mrithi wake akiwa bado na unyevu wa kuzaliwa akamwita Uchafu?

Ikiwa mtunzi anaweza kulipia kompyuta zinazochora kila unywele wa simba, anaweza pia kumlipa mtu mmoja wa pwani kikombe cha kahawa na kumuuliza.

Kisauni (Mombasa)

Mwalimu, shikamoo, nami naomba kutofautiana nawe kwa heshima zote. Umelitafsiri neno kwa upande mmoja tu. Taka si lazima iwe ile inayozolewa na gari la manispaa. Ni mzizi wa kutaka, na ukiifuata hadithi yenyewe utaona kwamba kijana huyo maisha yake yote ni kutaka. Anataka ndugu, akampata yatima aliyeletwa na maji akamwita ndugu wakati baba yake hamtaki. Akamtaka Sarabi, na Sarabi akamtaka mwingine. Mimi nilitoka sinema nikimhurumia yeye zaidi ya Mufasa, ambaye kila kitu kinamjia bila kukiomba, kama wale wanafunzi waliokuwa hawasomi na wanafaulu.

Isitoshe, jina hilo si la mwaka 2024. Lilikuwemo katika vitabu vya watoto vilivyotoka pamoja na filamu ya kwanza mwaka 1994, na humo baba yake aliitwa Ahadi. Waliomtengenezea filamu wamerithi jina, hawakulibuni.

Mwalimu wa Zamu

Marahaba, kijana wangu. Ahadi ni jina zuri, na ndiyo kusema kwamba walikuwa nalo mkononi wakalitupa, wakaibakiza Taka. Hoja yako imenisaidia.

Kuhusu mzizi, hakuna Mswahili anayemwita mwanawe kwa shina la kitenzi likiwa tupu. Tuna Pendo, tuna Tumaini, tuna Subira, tuna Majaliwa. Hatuna mtoto aitwaye Penda, wala Ngoja.

Kisauni

Mwalimu, mtaani kwetu kuna Mzee Ngoja, na yuko hai.

Mhasibu wa Kariakoo

Naomba niseme jambo ambalo nadhani ni zito kuliko majina. Hao hao wenye filamu walikwisha kulinunua neno «hakuna matata», na kwa sheria za huko ukilitumia unadaiwa. Sisi tunapigania Taka ilhali mali yenyewe ilishaondoka.

Bint Vuga (Unguja)

Nimevumilia mambo mawili, naona la tatu limenishinda.

La kwanza ni neno «sikukuu», ambalo mleta mada ameliandika na moja kwa moja likawa Krismasi, theluji na mzee mwenye ndevu. Kwetu mtoto akisema sikukuu anasema Iddi, na atakunyooshea mkono umpe yake, kisha atakwenda Mnazi Mmoja. Mama yangu hunihadithia kwamba enzi za Majestic ya Vuga, Iddi bila sinema haikuwa Iddi. Walikwenda na nguo mpya wakatazama filamu ya Kihindi ya saa tatu, wakarudi wakiwa wamelia na kucheka, na hakuna aliyeijua hiyo Krismasi ya kwenye bango. Filamu ya familia iliyopangiwa tarehe ya Iddi mimi sijawahi kuiona ikitangazwa na hizo kampuni kubwa.

La pili ni kuambiwa kwamba «hakuna matata» ni mali yetu iliyoibwa. Iliibwa kwa nani? Unguja ukimwomba mtu radhi atakwambia «hapana neno» au «haidhuru». Matata utayasikia Forodhani, muuza pweza akimwita mgeni.

La tatu, kaka mhasibu, hakuna aliyedaiwa kwa kulisema. Walichokisajili ni alama ya biashara ya kubandika kwenye nguo, waliyoiomba mwaka 1994 wakaipata 2003, na kelele zilipanda mwaka 2018 baada ya mtu mmoja wa Zimbabwe kuanzisha ombi mtandaoni la kuwataka waiachie. Huwezi kuuza fulana zenye maneno hayo kule Marekani bila kutafutana nao. Kulisema unaweza kutwa nzima.

Kisauni

Bibie, hapo umetugusa sisi wa Mombasa. Them Mushrooms waliuimba wimbo wao wa «Jambo Bwana» mwaka 1982, miaka kumi na miwili kabla ya simba yeyote kuimba, na maneno hayo yamo. Kwamba ninyi Unguja hamyasemi haimaanishi si Kiswahili.

Bint Vuga

Nao waliuimbia wageni wa hotelini, kaka yangu. Hatukosani.

Mhasibu wa Kariakoo

Nakubali nilikosea kuhusu kudaiwa. Naomba tu ifahamike kwamba nimesahihishwa kwa ukali kuliko ilivyohitajika.

Mtu wa Mabanda (Temeke)

Mnaongea kama watu ambao filamu wameiona wakiwa kwenye kiti cha kuegemea. Mimi niwaambie inavyoonwa huku kwetu. Banda letu lina viti vya plastiki, feni moja inayogeuka upande mmoja tu na luninga iliyofungiwa kwenye kizimba cha nondo, na mtoto analipa shilingi mia mbili. Mufasa ilipofika huku ilifika ikiwa imetafsiriwa, na mtafsiri hakungoja kuulizwa na Mwalimu. Alipofika kwa Taka alisema, «Huyu dogo walimkosea tangu kwenye jina, msimlaumu baadaye.» Banda lilivunjika mbavu, na watoto wakamwelewa yule simba kuliko walioketi kwenye kiyoyozi wakimsikiliza kwa Kiingereza.

Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na marehemu Lufufu hapa Dar na anayoifanya DJ Afro kule Kenya. Mtoto wa darasa la pili hajui Kiingereza cha kuimba. Mleta mada anasema pacha wake hawakutoka na wimbo hata mmoja wa Moana 2. Je, waliyaelewa maneno?

Mwalimu wa Zamu

Kazi ya marehemu Lufufu naiheshimu, na nakiri nilikaa mbele ya kanda zake zaidi ya ninavyoweza kuwaeleza wanafunzi wangu. Lakini tuliite jambo kwa jina lake: filamu inayofika bandani ikiwa bado inauzwa tiketi mjini imeibwa.

Mtu wa Mabanda

Mwalimu, nami naliita kwa jina lake. Moana ya kwanza ilitafsiriwa kwa Kimaori mwaka 2017, lugha ya watu wasiofika hata wakazi wa Dar es Salaam, na ilitafsiriwa vizuri, kwa nyimbo zake zote. Lion King ya mwaka 1994 ilitafsiriwa kwa Kizulu. Sisi tuliowapa Simba, Rafiki, Milele na hiyo Taka yenu, tumekwenda ukumbini tukasikilizishwa kwa Kiingereza, kisha anayetusaidia kuelewa ndiye anaitwa mwizi. Huyo mwanafunzi wako anayelipa shilingi mia mbili unataka aende Mlimani City kwa nauli ya nani?

Mwalimu wa Zamu

Sikusema aende. Nimesema imeibwa, na yote mawili yanaweza kuwa kweli. Naomba pia usiseme «huyo mwanafunzi wako» kwa sauti hiyo. Wengi wao ndio hao ninaowalipia daftari.

Mama Pacha

Jamani, naomba nijibu, kwa kuwa nimeulizwa. Hapana, hawakuyaelewa maneno. Mufasa yote niliwanong'onezea, huyu sikio la kulia na huyu la kushoto, mpaka baba mmoja wa safu ya nyuma akaniomba niongeze sauti kidogo kwa sababu wanawe nao walikuwa wanasikiliza. Nilipofika mahali simba mdogo anaambiwa na mama yake kuhusu bonde la Milele sikuwa na kazi, walilipata wenyewe, na mmoja akanigeukia kwa furaha kana kwamba amekutana na mtu wa kwao ugenini. Ndiyo maana nikasema Taka ni jambo dogo. Nilidhani ni dogo.

Nairobi Mashariki

Salamu kutoka upande huu. Nimesoma mjadala wote na naona mnapigania nafasi ya kukaa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Mwaka 2018 Likarion Wainaina alitutengenezea Supa Modo, kuhusu Jo, msichana mgonjwa sana anayeota kuwa shujaa wa filamu, na kijiji kizima kinakubaliana kumtengenezea filamu hiyo kabla siku zake hazijaisha. Watu wanaongea Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza kama tunavyochanganya kila siku. Niliitazama na mama yangu, ambaye huwa anasinzia baada ya matangazo, na hakusinzia. Hakuna simba hata mmoja humo. Kwa nini isirudishwe ukumbini kila Desemba, mahali pa hizo sehemu za pili na za tatu?

Mhasibu wa Kariakoo

Ni filamu nzuri, nimeiona. Ila kwa kuwa leo tunahesabu mali za watu, tukumbuke kwamba nayo iliundwa kwa ushirika na Wajerumani. Nyumba bado ni ya mtu mwingine, isipokuwa tumepewa chumba kizuri zaidi.

Nairobi Mashariki

Fedha zilitoka huko, hadithi haikutoka huko, na ndugu mhasibu analijua hilo. Mjerumani hakumfundisha yule mama namna ya kumficha mtoto machozi. Hiyo ni desturi ya kuona kila kizuri chetu na kuuliza nani alilipa.

Mhasibu wa Kariakoo

Ni kazi yangu kuuliza nani alilipa.

Mstaafu wa Chang'ombe

Wajukuu zangu, mimi nimekata tiketi ya sinema tangu enzi za drive-in pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa, tulipokuwa tukijazana wanane kwenye gari moja na wawili wamejilaza chini ya kiti, kwa hiyo sina haki ya kuhubiri kuhusu wizi.

Nilichotaka kusema ni kuhusu Zootopia 2, ambayo ndiyo iliyoko mjini msimu huu na naona hakuna aliyeigusa. Walinipeleka wajukuu. Kuna nyoka humo anaitwa Gary, sauti yake ni ya Ke Huy Quan, mpole, mwenye adabu kuliko wanyama wote, anayetafuta haki ya ukoo wake uliosingiziwa. Nimeshinda nusu ya filamu nikikunja miguu kwenye kiti. Mimi ni mtu wa Muheza. Mjukuu wangu alipotoka pale aliniambia, «Babu, nyoka si wabaya, wanaonewa tu.» Sasa mwezi ujao namchukua kwenda naye shambani, na naomba ushauri wenu wa namna ya kulifuta somo hilo bila kumharibia filamu.

Bint Vuga

Mzee wetu, shikamoo. Mwambie Gary anaishi Marekani na hana ndugu Muheza.

Kisauni

Nami niliiona. Hiyo nayo ni sehemu ya pili, ya kwanza ilitoka 2016, na nakiri ilinichekesha kuliko Mufasa na Moana 2 zikiwekwa pamoja, kwa sababu inajua kwamba ni katuni. Sungura anakunja uso, mbweha anainua nyusi moja, na mtoto asiyejua neno la Kiingereza anaona kabisa nani amemkasirikia nani. Hapo mleta mada alikuwa sahihi kuhusu uso wa simba, na ni mimi wa kwanza kumwambia hivyo tangu tuanze.

Mama Pacha

Ahsante, Kisauni. Nilikuwa naanza kudhani uso wa simba niliuona peke yangu.

Nimemsomea mume wangu mjadala wote. Kuhusu swali langu amesema hajasikia jibu, lakini kuhusu nyoka amecheka sana na amekubali twende Jumamosi, kwa sharti moja la Mhasibu: bisi tutoke nazo nyumbani.

Mhasibu wa Kariakoo

Mlangoni wanapekua mikoba.

Mstaafu wa Chang'ombe

Mfukoni mwa koti la mtoto hawapekui, mama. Nimelijua hilo mwezi huu.

Mwalimu wa Zamu

Mzee, shikamoo. Naomba kuuliza: koti, Dar es Salaam, mwezi wa Desemba?

Mstaafu wa Chang'ombe

Marahaba, Mwalimu. Ni filamu za theluji, mtoto lazima avae.